Makadirio ya Chumba cha Mama

4 Februari

Kaka,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniacha nifike katikati ya sentensi kisha unakata, halafu unasingizia mtandao. Barua haikatwi. Itabidi unisome mpaka mwisho.

Mama anaendelea. Usifurahi haraka: anaendelea maana yake ameanza tena kugombana na wauguzi. Jana kamwambia mmoja, "Binti, hicho kipimo kinanipima mimi au kinajipima chenyewe?" Homa imeshuka, ila kifua bado kinapiga filimbi. Daktari alinikalisha leo akasema anaweza kumruhusu mwisho wa mwezi, kwa sharti moja: asirudi kwenye chumba chenye ukungu. Akaniuliza ukuta wa chumbani ukoje. Nilipomweleza aliacha kuandika, akanitazama kama mtu aliyekuwa akimlaza mama yake mtaroni.

Wewe hujakanyaga chumba kile huu mwaka wa tatu, kwa hiyo nikueleze na wewe. Mfereji wa bati ulivuja misimu miwili. Sasa umezibwa, lakini ukuta umeshakunywa maji. Ukungu mweusi umepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa mto wa kulalia, na nyuma ya kabati umefika darini. Sebule na vyumba vingine viwili navyo vina madoa.

Nimemwita fundi wa rangi, yule anayeitwa Polepole. Alikaa chumbani kwa Mama saa nzima akigonga ukuta kwa kidole kama daktari mwingine. Makadirio yake nimeyaweka humu ndani: laki tisa, nyumba yote, vifaa na ufundi, siku kumi na nne. Mimi najua bei za mapindo na zipu, za kuta sizijui. Wewe ndiye mkaguzi. Angalia, utume pesa, kazi ianze wiki hii.

Mama hadai kingine. Kila nikienda anauliza kama kitanda chake kiko palepale dirishani. Anasema miaka arobaini amelala pale, na hataki kukata roho wodini, ambako watu wanakohoa kwa zamu.

Mdogo wako


9 Februari

Sindano,

Barua nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Makadirio ya huyo bwana nimeyasoma mara tatu, na kila mara nimecheka zaidi, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Miaka ishirini na mbili nakagua madai ya makandarasi. Huku ofisini wananiita Kalamu Nyekundu, na si kwa mapenzi. Acha nikufundishe kitu ambacho vitabu vya uhasibu vinaogopa kukisema: anayevunja mlango anaiba redio, lakini anayejua kuandika vifungu anaiba daraja zima. Maandalizi. Mengineyo. Kusubiri. Hayo ni majina matatu ya mfuko mmoja. Kila mkandarasi anapandisha theluthi, nami kila dai nakata theluthi, ndipo tunaanza kuongea kama watu wazima. Huyo wako naye kapandisha. Hakuna asiyepandisha.

Tazama mwenyewe. "Kukwangua na kuosha kwa dawa, siku tatu." Anakwangua nyumba au mlima? Nimeweka siku moja. "Kuacha ukuta ukauke, siku nne." Yaani nimlipe mtu mzima kwa kuutazama ukuta! Nimefuta. "Rangi ya msingi, mkono mmoja." Rangi chini ya rangi, kesho ataomba ya chini ya hiyo. Nimefuta. "Madirisha wazi kabla mgonjwa hajaingia, siku tano." Upepo nao una bei siku hizi? Nimefuta. Kilichobaki ni laki tano na nusu, nayo ni ukarimu.

Mpelekee karatasi yenye alama zangu. Akilalamika, mwambie kaka yako ameshawakata waliojenga barabara.

Mwambie Mama namsalimu sana, na kitanda hakitasogezwa.

Kaka yako


13 Februari

Kaka,

Nimempelekea. Nilimkuta kwake akiosha brashi, akaikausha mikono yake kwanza ndipo akapokea. Alisoma polepole, jina lake si la bure. Kisha akaniuliza, "Mama mdogo, aliyeandika hapa ameuona ukuta?"

Nikasema hapana.

"Hata picha?"

Nikasema hajaniomba picha.

Akacheka kidogo. "Basi amewahi kuona kuta nyingine." Akaniambia hakupandisha kitu. Siku nne hizo hamlipishi mtu. Angekuwa anapaka kwingine, ameziandika tu ili tujue kazi itaisha lini. Siku tano za madirisha nazo hazina bei, niangalie safu ya mwisho, ile ya pesa. Nikaangalia. Kaka, ni kweli, pale ni patupu. Umefuta vitu vya bure, ukapunguza pesa kutoka kwenye vile vya lazima.

Alisema ataweza kushuka mpaka laki nane kama tutahamisha vyombo wenyewe. Chini ya hapo angetudanganya. "Ukungu ukipakwa juu haufi," alisema, "unajificha kama chawa."

Leo ni tarehe kumi na tatu. Hesabu siku. Ukikubali leo, Mama anaingia chumba kikavu. Tukiendelea kuandikiana, anaingia kwenye nini?

Kama kuna jambo jingine, liseme.

Mdogo wako


17 Februari

Kwa fundi wa rangi,

Dada yangu ameniletea salamu zako pamoja na kicheko chako.

Sikujui na hunijui, lakini nawajua watu wa aina yako. Mnamkuta mwanamke peke yake, mama yake yuko hospitali, mnamtisha kwa ukungu. Ugonjwa wa mtu mnaufanya kuwa bei. Eti mnamwonea huruma! Huruma yenye jumla iliyopigiwa mistari miwili chini yake ni biashara, na biashara mimi naielewa.

Unasema siku za kukauka ni bure. Hakuna cha bure katika makadirio. Cha bure ndicho kinachobeba cha wizi mgongoni.

Laki tano na nusu. Ukikubali, anza kesho. Usipokubali, mafundi hawajaisha duniani.

Mwana wa mwenye nyumba


20 Februari

Kwa mwana wa mwenye nyumba,

Barua yako imefika. Mke wangu ndiye aliyenisomea kwa sauti kwa kuwa miwani yangu ilikuwa na rangi, na alipofika kwenye neno wizi alishusha karatasi, nikamwambia aendelee.

Nimepaka nyumba za watu miaka thelathini na moja. Nimeingia vyumba vya maharusi na vya marehemu, masanduku ya watu yakiwa wazi, na sijawahi kutoka na hata pini. Mama yako namfahamu. Dari ya sebule yake niliipaka mimi, wewe ukiwa chuoni.

Chumba kile kina maji ndani ya plasta. Nikipaka kabla hayajatoka, nitakuwa nimeyafunga humo pamoja na mgonjwa. Kazi hiyo siifanyi kwa laki tano wala kwa laki ishirini. Rangi ya mafuta nayo isiingie chumba cha mtu wa kifua. Hilo nakwambia ingawa hujaniuliza.

Mafundi hawajaisha, kweli. Watafute.

Fundi wa rangi, mnayeniita Polepole


23 Februari

Sindano,

Yule bwana wako amejiondoa, na nimefurahi. Mwenye haki hakimbii hesabu.

Nimepata kikosi. Kuna mkandarasi mdogo niliyewahi kumpitishia madai. Ana vijana wanne waliomaliza kupaka ghala huko kwenu na wana ndoo za rangi zilizobaki. Kazi ya kukubaliana jumla, laki nne kasoro, nyumba nzima, siku mbili. Umesikia? Siku mbili! Rangi ya mafuta ya daraja la kwanza, inafutika kwa kitambaa, mama hatahitaji kupaka tena maisha yake yote. Wanaingia tarehe 26. Wafungulie mlango, wasimamie, usiwape soda kabla ya kumaliza.

Umeuliza kama kuna jambo jingine. Jambo gani? Jambo ni hilohilo: watu maskini wanaliwa kwa kuona haya kuuliza. Mimi sioni haya.

Kaka yako


28 Februari

Kaka,

Vijana wamekuja, wamemaliza, wameondoka. Walikuwa na adabu, waliimba sana. Kuta zinang'aa, ukisimama sebuleni unajiona kama kwenye sufuria mpya. Ukungu hauonekani tena. Kiongozi wao nilimuuliza kama hawakwangui kwanza, akasema, "Dada, sisi tumeambiwa kupaka."

Nyumba inanuka. Jana nilishonea nje, macho yalikuwa yanachonyota. Nimefungua kila dirisha.

Daktari amemruhusu Mama kesho. Nilimwomba amwongeze wiki, akasema kitanda kinahitajika. Aliuliza tu kama chumba kimeshughulikiwa. Nikasema kimepakwa rangi. Sikusema zaidi.

Mama ameshafunga kifurushi chake tangu jana.

Mdogo wako


7 Machi

Sindano,

Wiki nzima kimya. Naelewa, mtu akishindwa kwenye hoja hunyamaza, hata mimi nimewahi kunyamaza, mara moja, mwaka wa tisini na kitu.

Basi niambie tu alivyofurahi. Alisema nini alipoingia? Nataka maneno yake yenyewe. Kitanda kiko dirishani?

Na ukimwona yule Polepole, msalimie. Mwambie chumba kimekamilika kwa chini ya nusu ya bei yake, na bado dunia inazunguka.

Kaka yako


24 Machi

Wifi yangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Kaka yako hajui kama naandika, na nakuomba asijue mpaka uamue mwenyewe.

Kila siku anakwenda sanduku la barua mara mbili. Hupigi, hupokei, huandiki. Mwanzo alisema umeudhika kwa sababu alikuwa sahihi. Siku hizi hasemi. Juzi nilimkuta ameyashika yale makadirio ya fundi, anayasoma kama barua ya msiba.

Kuna kitu nilipaswa kukwambia tangu mwaka jana. Kaka yako hana kazi. Mwezi wa kumi alikataa kupitisha dai la mtu mkubwa, wakamsimamisha, kisha wakamwandikia kwamba nafasi yake haipo tena. Hapo alikuwa sahihi kweli, na hakuna aliyempigia makofi. Kila asubuhi anavaa shati, anabeba mkoba, anakwenda kukaa maktaba mpaka saa kumi. Majirani hawajui. Watoto wanajua lakini wanajifanya hawajui, kwa ajili yake.

Zile laki nne alizipata kwa kuuza baiskeli yake na redio. Laki tisa hatukuwa nazo, wifi. Nilimwambia, "Mwambie dada yako ukweli, ndugu ni wa nini?" Akanijibu, "Mimi ndiye mkubwa." Kisha akakaa kuandika ile barua ya kwenda kwa fundi. Alikuwa anapumua kama anapigana.

Mama hajambo? Niandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako


29 Machi

Kaka,

Wifi ameniandikia. Usimgombeze. Angeniandikia mwezi wa pili, huenda barua hii isingekuwapo.

Uliomba maneno ya Mama mwenyewe. Aliingia chumbani tarehe mosi Machi, akashika mlango, akasema, "Mbona kunanuka kama gereji?" Kisha akacheka, akalala, kitanda kikiwa dirishani. Usiku wa kwanza alikohoa. Wa pili alikaa macho. Nilitaka kumhamishia sebuleni, lakini sebule nayo ilikuwa ileile, nyumba nzima ulishaifunika. Nikamkalisha barazani na blanketi. Siku ya tatu midomo ilibadilika, nikamrudisha hospitali kwa gari la jirani. Alikuwa ananishika mkono na kuniambia, "Usimwambie kaka yako. Amejitahidi."

Ndiyo sababu ya kimya. Nilikuwa natii. Baadaye nilikuwa nimekasirika tu, nikakiita kutii.

Amelazwa siku ishirini na nne kwenye oksijeni. Ametoka juzi. Daktari amesema mapafu yamechakaa, hayatarudi yalivyokuwa, na nyumba ile asiingie tena. Si baada ya wiki, si baada ya mwezi. Asiingie. Tumepanga vyumba viwili ghorofani karibu na hospitali, panapigwa na jua. Cherehani nimeiweka jikoni. Nyumba nimeifunga. Nilipokwenda kuchukua nguo zake wiki iliyopita, nyuma ya kabati ukungu ulikuwa umeshatoboa ile rangi yako ya daraja la kwanza.

Nataka nikuchukie lakini kuna jambo linanizuia. Nilikuwa na laki tano. Nilikuwa naweka za cherehani mpya. Ulipofuta vile vifungu nilisema moyoni: yeye ndiye mwenye mdomo, alipe yeye. Nilidhani ni ubahili. Ungeniandikia neno moja tu, sina, ningezitoa siku hiyohiyo. Na mimi ningeweza kuzitoa bila kuandikiwa. Na daktari aliponiuliza kuhusu chumba, nilimjibu nusu.

Kwa hiyo usije ukabeba peke yako. Hata hatia unataka iwe ya mtoto mkubwa.

Mdogo wako


3 Aprili

Kwa fundi wa rangi,

Nilikuita mwizi. Si kweli, na nilijua si kweli nilipokuwa naandika, kwa sababu safu yako ya mwisho niliiona. Pale palikuwa patupu tangu mwanzo. Mkaguzi haachi kuona safu tupu.

Nilikuwa sina pesa. Ilikuwa rahisi kwangu wewe uwe mwizi kuliko mimi niwe maskini. Nimetumia maisha yangu kuwasema wakubwa wanaowabebesha wadogo makosa yao, nami nilipopata wa kumbebesha, nilimbebesha mtu anayeosha brashi.

Mama yangu hatarudi kwenye chumba chake. Utakuwa umesikia. Sikuombi kitu.

Mkaguzi wa zamani


8 Aprili

Kwa mwana wa mwenye nyumba,

Nimesoma mwenyewe safari hii.

Wale vijana walipokuwa wanapaka nilipita nje. Dirisha la mama yako lilikuwa wazi, nikaona makopo, nikajua ni rangi ya mafuta, nikaona hakuna aliyekwangua. Dada yako alikuwa mlangoni, akaniamkia. Ningeweza kumwambia: mzuie mama asiingie humu. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini barua yako ilikuwa bado mfukoni kwangu. Nikamwitikia "marahaba," nikapita. Nilisema moyoni, waache waone.

Basi wameona. Aliyeona zaidi ni yule ambaye hakuniandikia barua yoyote.

Ungesema huna, tungekwangua chumba kimoja tu, cha mama. Laki mbili. Vingine vingesubiri. Nimefanya hivyo kwa watu wengi, hulipa kidogo kidogo. Lakini katika barua zako hukuacha mlango wa kuingilia, nami sikubisha hodi.

Mke wangu humpelekea mama yako uji wa asubuhi. Alianza yeye, sikumtuma.

Polepole


14 Aprili

Mwanangu,

Ninaongea, dada yako anaandika. Nimemwambia asirembe.

(Sirembi.)

Nimeambiwa yote sasa. Nimejua habari ya kazi yako, ya baiskeli, ya mkoba maktaba. Ulivyokuwa mtoto ukianguka ulikuwa unaipiga ardhi kwa kukuangusha, na watu wa mtaa walikuwa wanakuja kutazama. Mtu mzima bado unaipiga ardhi. Haya, ukishamaliza kuipiga, inuka.

Kukosa kazi si aibu. Baba yako alikaa miezi minane bila kazi, na nilikuwa namfungia chakula mkobani ili majirani wadhani anakwenda. Kwa hiyo hata ujinga huo hukuubuni wewe.

(Hili mimi sikulijua. Ndiyo kwanza ananiambia sasa, nikiwa na kalamu mkononi.)

Hapa tulipo ni pazuri. Kuna jua. Naona watu wanaotoka hospitali na wanaoingia, nawahesabu. Wanaotoka wanazidi kidogo. Usiku naamka najinyoosha kutafuta dirisha upande wa kushoto, nagusa ukuta. Nitazoea. Nikisema nitazoea, dada yako anageuza uso, kwa hiyo siku hizi sisemi.

(Anasema kila siku.)

Nyumba nimeamua ipangishwe. Kuna mwalimu na mkewe, vijana, vifua vizima. Fundi Polepole atakwangua kwanza, yote, na atalipwa kwenye kodi. Mkataba nimemwambia dada yako autie sahihi yeye. Wewe usiukague.

Usinijie na maelezo, nimeyasikia. Wala usije na machungwa, hapa machungwa yamejaa. Njoo tu, wewe na mkeo.

Nina swali moja. Siku zile tatu nililala macho yakichuruzika, sikuona vizuri. Waliokwenda nyumbani wote wananiambia ukuta unang'aa, hakuna anayeniambia rangi yenyewe. Namuuliza dada yako anasema, muulize aliyenunua. Nimelala katika chumba kile miaka arobaini, nataka nijue nilikiacha kikiwa na rangi gani.

Mama yako


19 Aprili

Mama,

Barua yako imekaa mezani siku mbili. Nimeandika majibu manne nimeyachana, yote yalikuwa maelezo.

Sijui ni rangi gani.

Niliuliza bei ya kila kopo. Niliuliza siku, niliuliza vijana wangapi, niliuliza kama inafutika kwa kitambaa. Rangi sikuuliza. Leo asubuhi nimempigia yule mkandarasi. Naye hajui, alisema ni zile zilizobaki kwenye ghala, huenda walichanganya ndoo mbili. Nilimshukuru, kisha nikakaa na simu sikioni muda mrefu ilhali alishakata.

Wewe hakuna aliyekuuliza pia. Nimezipitia barua zote, zangu na zao, nikitafuta mahali ambapo mmoja wetu amekuuliza unataka kuamka ukitazama rangi gani. Sikupata.

Tunakuja Jumanne na basi la asubuhi. Mke wangu atashuka hospitali aje moja kwa moja kwako. Mimi nitachukua ufunguo kwa dada na kwenda nyumbani kwanza. Nitasimama chumbani kwako nitazame. Kisha nitakuja nikuambie.

Mwanao